Naked City: Muldoon Anapokufa

Nimemaliza msimu wa kwanza wa Naked City kwenye DVD, vipindi 39 vya nusu saa vya mwaka 1958 na 1959, na kusema kweli kinachonisumbua si mhalifu hata mmoja. Ni kifo cha Luteni Muldoon. John McIntire, aliyemwigiza, alitaka kuondoka, basi wakamuua msimu ukiwa bado unaendelea: gari lake linagonga lori la mafuta, moto, kwisha. Luteni Parker anachukua nafasi yake.

Nilikuwa bado namlilia, na mara Parker yuko kazini! Hapo ndipo nilipouelewa ukatili wa tamthilia hii, na ndio uzuri wake. Imerekodiwa kwenye mitaa yenyewe ya New York, na mitaa ile haikubadilika hata kidogo kwa ajili ya marehemu.

Misimu ya baadaye, ya saa nzima na Paul Burke, ndiyo inayosifiwa zaidi. Sawa, ina nafasi ya kumchimba mhalifu. Ila mimi bado namtafuta Muldoon.