Sumu Iliyorudishwa Mzizini

Muhogo ukishang'olewa katika bonde la Ruzizi, hauna siku nyingi. Haziishi saa 72 kabla hujaukata ukakuta michirizi ya buluu iliyokolea ikifuata mishipa ya mzizi, na mnunuzi wa sokoni Uvira anageuka aende zake. Ndiyo maana wakulima huuacha ardhini hadi siku ya kuuhitaji, na akina mama huwahi kuuloweka, kuuanika na kuusaga.

Tawanda Zidenga, Richard Sayre na wenzao waliutafuta mwanzo wa uharibifu huo, wakachapisha matokeo mwaka 2012 katika jarida la Plant Physiology. Ninaipenda kazi hiyo kwa jinsi ilivyopangwa.

Mzizi ukijeruhiwa hutoa sianidi. Sianidi hukaba kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji ndani ya mitokondria, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Elektroni zikikosa pa kupita, huvuja na kuzaa oksijeni kali inayounguza seli. Hilo lilihitaji ushahidi. Wakachukua mihogo iliyobadilishwa jeni ili iwe na sianidi kidogo, wakapima: oksijeni kali ilikuwa kidogo. Mwenye haraka angeishia hapo. Wao waliirudishia mizizi ileile sianidi, wakapima upya, na oksijeni kali ikapanda. Kwa jaribio hilo moja, sianidi haikuwa tena mshukiwa tu.

Kisha wakaingiza jeni ya kimeng'enya kingine, AOX, kutoka mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Sianidi haikiwezi kimeng'enya hicho, hivyo elektroni zikapata pa kupitia, kama magari yanavyopita mchepuko daraja likisombwa na mto. Oksijeni kali ilipungua zaidi ya mara 10, na mizizi iliyokuzwa kwenye banda la vioo ikachelewa kuharibika siku 14 hadi 21.

Shambani pia ilichelewa, ila mimea yenye AOX nyingi kuliko yote ilizaa mizizi yenye uzito mdogo. Waliliandika hilo waziwazi katika muhtasari wenyewe, ambapo kila msomaji angeliona. Njia ya AOX huipa seli nishati kidogo kuliko ile ya kawaida.

Wazalishaji wa mbegu bado wana kazi ya kutafuta kiwango kinacholinda mzizi bila kumpunguzia mkulima kilo. Vijana mnaosoma biolojia Uvira na Bukavu, itafuteni makala hiyo, na muanze na sehemu ya majaribio.