Pepo, Sinki na Kipaza Sauti: Uhakiki wa Istilahi za Sauti katika Kompyuta

Hivi karibuni ililetwa mezani kwangu rasimu ya mwongozo wa Kiswahili unaowaelekeza makarani na walimu namna ya kuendesha PulseAudio kwa kuandika amri. Sarufi yake ni safi na maelezo yake yamepangwa vyema. Hata hivyo, istilahi zake tatu zahitaji kuhakikiwa kabla hazijazoeleka, maana istilahi ikishaota mizizi ni vigumu kuing'oa.

Yafaa kwanza kueleza kazi ya programu yenyewe. PulseAudio ilianzishwa mwaka 2004 na Lennart Poettering, na hutumika hasa katika kompyuta za Linux. Hufanya kazi chinichini, bila kuonyesha dirisha lolote: hupokea sauti za muziki, za mazungumzo na za kengele kutoka programu mbalimbali, huzichanganya ziwe mkondo mmoja, kisha huupeleka mkondo huo kwenye spika. Amri ya "pulseaudio --start" huianzisha, na "pulseaudio --kill" huikomesha.

Programu ya namna hii huitwa kwa Kiingereza "daemon", na mfasiri ameandika "pepo". Amefuata umbo la neno, akaacha maana yake. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1963 na wataalamu wa Project MAC, katika chuo cha MIT, Marekani. Walikuwa na mfano wa yule kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, akaaye mlangoni akichambua molekuli bila kuchoka. Si kiumbe wa kupungwa kwa ngoma. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi "anzisheni pepo" atapata kicheko badala ya usikivu. Napendekeza "mhudumu wa usuli".

Istilahi ya pili ni "ua", iliyotumiwa kwa "kill". Katika mpangilio wake wa kawaida, mhudumu huyu huamshwa tena na programu ya kwanza itakayohitaji sauti. Msomaji aliyeambiwa kuwa amemwua atashangaa kumkuta hai. Wala "simamisha" halifai, kwani lina maana mbili zinazopingana: kuzuia mwendo, na kuinua kitu kisimame. "Komesha" yatosha.

Kosa la tatu ndilo zito. Sauti ina mahali inapoingilia kwa mhudumu na mahali inapotokea. Mahali pa kutokea huitwa kwa Kiingereza "sink", na mfasiri ameandika "sinki", kana kwamba sauti huoshwa pamoja na vyombo. Katika ukurasa mwingine ameandika "kipaza sauti". Lakini katika Kiswahili chetu cha kila siku kipaza sauti ni spika, na pia ni maikrofoni.

Amri ya "pactl set-sink-mute" hunyamazisha spika. "Pactl set-source-mute" hunyamazisha maikrofoni. Tumfikirie sasa katibu wa kikao kinachoendeshwa kwa intaneti. Mwenyekiti anataka jambo la siri lizungumzwe chumbani pasipo walio mbali kulisikia. Katibu anafungua mwongozo, ananyamazisha "kipaza sauti", na chumba kinakuwa kimya kwelikweli, kwa kuwa spika imenyamaza. Maikrofoni iko wazi, na siri inasafiri.

Kwa hiyo napendekeza "mlango wa kuingizia sauti" na "mlango wa kutolea sauti". Ni majina marefu, lakini kila moja laonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio asili ya tofauti baina ya amri hizo mbili.

Huenda ikasemwa kuwa programu hupita, na kwamba haifai kuhangaikia maneno yake. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Fedora 34 iliiweka PipeWire mahali pa PulseAudio. Lakini amri za "pactl" zaendelea kutumika humo, na milango ile miwili ingali inaitwa kwa majina yale yale. Programu imeondoka, maneno yamebaki.

Nawasihi wafasiri wenzangu wasiridhike na kamusi peke yake. Kabla ya kuandika jina la chombo, mtu na aiandike amri yenyewe kwenye kompyuta, kisha asikilize ni kipi kilichonyamaza.