Fundi Anayeanza kwa Kuuliza

Fundi mzuri wa simu hashiki bisibisi kwanza. Huuliza. "Mama, picha zilifutika lini? Na tangu hapo umepiga nyingine?" Akijibiwa kwamba kadi ya kumbukumbu ilitolewa papo hapo, huvuta kiti akakaa. Akiambiwa kwamba wiki nzima watoto wameichezea simu na nyimbo mpya zimeingizwa, huanza kumwandaa mama huyo kupokea habari mbaya, polepole, bila kumlaumu. Mjini Kasongo, jimboni Maniema, na zaidi ukishika barabara ya Kabambare, kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba ndimo zilimo picha za harusi, sauti ya marehemu na hesabu za duka.

Swali lile lina sababu. Kwenye kadi nyingi ndogo, zile zilizopangwa kwa mfumo wa FAT, kufuta picha si kuiangamiza. Herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa kuwa alama, na mahali ilipokaa pakatangazwa kuwa wazi. Ni mwalimu aliyekata jina kwenye daftari la mahudhurio huku mtoto bado amekaa dawatini. Kinachomtoa mtoto ni mwingine kuja kukalia dawati lile, yaani picha mpya, wimbo mpya, hata programu inayojisasisha yenyewe usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi huu ni kujizuia, na mimi huustahi kwa hilo kuliko kwa kingine chochote. Mafundi wa kazi nyingine tunawasifu kwa walichofanya. Huyu msifu pia kwa alichokataa kukigusa.

Baada ya maswali, kadi hutolewa na kusomwa kwa kompyuta, bila kuandikwa chochote juu yake. Programu inayopendwa ni PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier. Haiuzwi, na ukishakuwa nayo kwenye flashi haihitaji intaneti, jambo lenye uzito mahali ambapo watu hununua megabaiti kwa kuhesabu. Haiulizi daftari la majina. Hupita kadi nzima tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta dalili za faili: picha ya JPEG, kwa mfano, huanza daima na baiti FF D8 FF. Ikiziona, hujua hapa pameanza picha, nayo huinakili kwenye diski nyingine. Zinazotoka ni mamia, hazina majina yake ya zamani. Zinaitwa f na tarakimu tu. Hapo ndipo fundi na mwenye kadi hukaa bega kwa bega, wakifungua moja baada ya nyingine. Huyu baba. Huyu si wetu. Hii ni risiti.

Fundi huona kila kitu katika saa hizo: madeni, barua za mapenzi, picha ambazo hazikupigwa zionekane na watu. Kufunga mdomo ni sehemu ya kazi, na sijui chuo kinachoifundisha.

Diski ya kompyuta inayokufa hudai subira ya aina nyingine. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nanomita chache, umbali ambao chembe ya moshi ni mlima. Ukisikia inagonga, tak, tak, tak, kichwa kimeshindwa kupata njia yake, na kila sekunde ya umeme yaweza kuwa inakwangua kilichobaki. Fundi asiye na chumba kisicho na vumbi hataifungua, hata ukimwekea fedha mezani. Nakuomba umwamini anayekataa hapo kuliko anayesema "tujaribu."

Lakini diski ambayo bado inasoma kwa kusitasita inaokolewa, na chombo chake ni ddrescue, kazi ya Antonio Diaz Diaz. Tabia yake ni ya mzee mwenye hekima. Kwanza hunakili sehemu nzima zote. Penye ubovu haibishani, inaruka. Mwishoni ndipo hurudi kwenye vipande vigumu, kimoja kimoja, ikijaribu tena na tena. Wakati wote huandika ramani ya ilipofika. Mafuta ya jenereta yakiisha, au betri za sola zikilala, kazi haianzi upya. Kesho jua likipanda inaendelea pale pale. Sidhani aliyeitunga alifikiria Maniema, lakini imetufaa mno.

Kwa wanaodhani kilichoungua kimekwisha, wakumbuke chombo cha angani Columbia, kilichovunjika juu ya Texas mwaka 2003. Katika mabaki ilipatikana diski iliyoungua. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack waliisafisha, wakahamishia sahani zake kwenye mwili mpya, wakarudisha karibu asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio lililokuwamo yalichapishwa mwaka 2008.

Simu iliyozama kwenye mto Lualaba ni shauri jingine. Kwetu mchele haupungui, labda ndiyo maana simu nyingi humfikia fundi zikiwa na unga wa mchele kwenye tundu la chaji. Mchele hauondoi chumvi wala matope. Kinachoua bodi ni maji pamoja na umeme wa betri, kwa hiyo fundi hukata betri, huosha bodi kwa spiriti kali, hukausha, kisha hufuata njia za umeme kwa mita mpaka apate kipande kilichoungua. Simu za miaka hii hufunga data kwa ufunguo ulio kwenye bodi yenyewe. Kung'oa chipu ya kumbukumbu peke yake hakufai kitu. Basi anachotafuta si simu ipone. Anataka iamke saa moja, mwenyewe aandike namba yake ya siri, kila kitu kinakiliwe, halafu ife ikitaka. Na picha iliyofutwa ndani ya simu mpya, si kwenye kadi, mara nyingi hairudi. Fundi mkweli atakuambia kabla hujalipa.

Lililo salama kuliko ufundi wote ni kuwa na nakala mapema, na Kasongo ina ushahidi wake wa kale juu ya hilo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeufanya mji huu makao yake, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alizinakili kwa herufi za Kirumi, zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwenyewe alifariki Zanzibar mwaka 1905, na watu wanamsoma hadi leo, wakimlaani au wakimstaajabia.

Kadi yako ikifutika, itoe kwenye simu sasa hivi. Simu ikizama, izime na usiichaji. Na kama vyote ni vizima, nunua kadi ya pili. Mwambie fundi aijaribu mbele yako, maana sokoni zimo zilizoandikwa gigabaiti 512 na ndani hazifiki hata 16. Nakili kila kitu, kisha ikalale nyumba nyingine, kwa shangazi.