Mvua ya Ororo: Shabiki wa Hadithi za Picha kama Mhakiki

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia sana Fumo Liyongo, ukawaachia vijana mashujaa wa hadithi za picha. Sababu itolewayo ni kwamba kazi hizo ni za kigeni na za kibiashara. Hoja hiyo haitoshi. Shabiki wa kweli hasomi kwa kumeza tu. Hulaumu, hurekebisha, na mwishowe hutunga hadithi nyingine ambayo kwa maoni yake ndiyo iliyopasa kuandikwa. Wachapishaji wenyewe waliitambua ada hiyo: mwaka 1977 kampuni ya Marvel ilianzisha mfululizo mzima uliojengwa juu ya swali la "ingekuwaje kama". Jambo hili si geni kwa Waswahili. Masimulizi ya Liyongo nayo yana nakala nyingi zisizokubaliana, na kila msimulizi alijiona ana haki ya kuchagua.

Shabiki azungumziwaye hapa si mtu mmoja bali ni msimamo wa usomaji. Ni yule ambaye, akiwa Kibera au Kawangware, humsoma Ororo Munroe, aitwaye Storm, na kumpima kwa mazingira yake mwenyewe. Uteuzi wa mhusika huyu una sababu. Ororo alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, na ndiye mashuhuri miongoni mwa mashujaa wa Marvel walionasibishwa na Kenya. Mamaye, N'Daré, ni Mkenya wa ukoo wa kifalme. Babaye ni mpiga picha Mmarekani. Kwa mujibu wa hadithi ya awali, alizaliwa New York, akalelewa Kairo, akawapoteza wazazi wake ndege ilipoiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez, akawa mwizi wa mitaani, kisha akatembea kusini hadi nyika ya Serengeti. Huko watu walimwabudu kwa kuwa aliweza kuita mvua.

Lawama za kwanza za shabiki ni nyepesi. Hifadhi ya Serengeti i Tanzania. Ritifaa iliyotiwa kati ya N na D haina kazi katika Kiswahili wala Kikuyu. Wafalme nao hawakuwa wengi Kenya; ufalme wa Nabongo huko Wanga ni wa kutajwa kwa sababu ulikuwa wa pekee. Yote hayo ni kweli, lakini mhakiki anayeishia hapo hajahakiki kitu.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Katika hadithi ya 1975 Profesa Xavier anafika kutoka Marekani, anamwambia Ororo kwamba yeye si mungu bali ni kiumbe mwenye kipawa na wajibu kwa ulimwengu mpana, naye anaondoka. Hadithi inafuatana naye. Hakuna aulizaye ni nani aliyewanyeshea mvua wale waliobaki mwaka uliofuata. Mhakiki wa mrengo wa Ki-Marx angeliita jambo hilo unyonyaji wa rasilimali. Shabiki huliita kuachwa, na huenda neno lake ni bora zaidi.

Ndipo anapomhamishia Ororo Kibera. Kwa mtazamo wa haraka huu ni mchezo tu wa kubadili mandhari, lakini hadithi yapata mantiki isiyokuwa nayo awali. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi waliokaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20 walikuwa askari wa Waingereza na jamaa zao, na chimbuko lao ni majeshi ya Misri yaliyokuwa Sudan katika karne ya 19. Lugha yao imejengwa kwa msamiati wa Kiarabu. Mama wa Ororo akiwa Mnubi wa Kibera, safari ya kwenda Kairo haihitaji tena taji wala kasri. Yahitaji ukoo tu. Tena unyonge wake wapata historia: Wanubi walingoja takriban karne nzima kabla ya kupewa hati ya ardhi ya ekari 288 za Kibera, Juni 2017.

Kuna na hofu yake. Ororo, aliyefukiwa na kifusi pamoja na maiti ya mamaye, hawezi kuvumilia mahali finyu. Waandishi wa Marvel huitumia hofu hiyo kama hila ya fani: adui humfungia shujaa, nguvu zikamtoka. Kibera hofu hiyo haihitaji adui. Chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda, jiko na familia nzima, chatosha. Shabiki aliyelala katika chumba hicho tangu utotoni aweza kumcheka shujaa huyu, au aweza kumwonea huruma ambayo msomaji wa Chicago hana. Hadithi nzuri ingeacha yote mawili yatokee.

Lakini kiini ni mvua. Katika nyika ya Serengeti Ororo hunyesha mvua, watu hushukuru, ukurasa hugeuzwa. Kibera imeketi juu ya mteremko unaoelekea Bwawa la Nairobi. Mvua kubwa hushuka na taka, hujaza vyoo vya shimo, huingia ndani ya nyumba za mabati na udongo. Masika ya 2024 yaliwatoa watu wengi wa kando ya mito ya Nairobi katika makao yao. Kawangware yapakana na Lavington: mvua ni ile ile, mitaro siyo. Wakati huo huo, kiangazi kikizidi mifereji hukauka na mtungi wa maji hupanda bei. Maji ya jiji, kwa sehemu kubwa, hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a. Kwa hiyo Ororo akitaka kuwasaidia watu wa Kibera sharti anyeshe mvua mbali nao, milimani Nyandarua, mahali ambapo hawatamwona wala kumshukuru. Akiinyesha juu ya vichwa vyao atawaangamiza. Hapa nguvu ya shujaa imekuwa maudhui, si pambo la fani, na hapa shabiki amewashinda waandishi waliolipwa.

Anaposhindwa ni mwishoni. Maji yakishajaa Ndakaini bado hayajafika kwa mwenye mtungi, na radi haitandazi mabomba. Kishawishi cha shabiki ni kumbuni tajiri mwuza maji ili Ororo ampige radi. Huo ni ushindi wa bure. Tabaka zima limefichwa nyuma ya mtu mmoja mwovu. Jarida la Shujaaz, lililoanza kutolewa bure Nairobi mwaka 2010, lilikwepa mtego huo kwa kumnyima shujaa wake, Boyie, nguvu zozote isipokuwa redio ya siri, na wasomaji wakamwandikia kana kwamba yu hai. Hata hivyo Boyie naye alilipa gharama: aliposhauri vifaranga vipakwe rangi ili mwewe wasiwatambue, shujaa alikuwa amegeuka bwana shamba.

Limebaki suala la lugha. Ororo wa Marvel husema Kiingereza kigumu cha mimbari. Ororo wa shabiki angesema Kinubi na nyanyake, Sheng ndani ya matatu ya 46 iendayo Kawangware, na Kiingereza cha mimbari akiwa shuleni kwa Xavier tu, kwa kuwa ndicho alichotarajiwa kukisema. Jina lake lisiguswe. Hadithi husema maana yake ni uzuri, bila kutaja lugha ya Kenya inayojulikana. Kiswahili kina kivumishi -ororo, yaani laini, kama katika kitambaa kiororo au ngozi nyororo. Mwita radi ameitwa laini, na nyanya Mnubi, akimpokea mtoto mchanga, angeweza kabisa kumwita hivyo.