Oliver Postgate na Waombolezaji Wake

Maombolezo ni mlango mmoja wa fasihi ambao hakuna taifa lisiloupita. Mwenye kulia humsifu marehemu, na katika kumsifu hujifunua mwenyewe: apendacho, aogopacho, na alichopoteza. Kwa sababu hiyo maombolezo yastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo mashairi na hadithi. Si kwa kudharau machozi ya mtu, bali kwa kutaka kujua yamebeba nini.

Mfano wa kufaa ulitokea Uingereza tarehe 8 Desemba 2008, alipofariki Oliver Postgate mjini Broadstairs, katika jimbo la Kent, akiwa na umri wa miaka 83. Hakuwa waziri wala jemadari. Alikuwa mtungaji, mtengenezaji na msimulizi wa michezo ya watoto katika televisheni. Lakini habari ya kifo chake ilipoenea, watu wazima, wengine wenye mvi, walihuzunika kana kwamba wamefiwa na mjomba. Wengi wao hawakupata kumwona uso hata siku moja. Walimjua kwa sauti tu.

Walikuwa wakililia nini? Jibu lililo jepesi ni kwamba walililia utoto wao. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Mtoto huona michezo mingi, na iliyo mingi husahauliwa bila tanzia. Kama utoto pekee ungalikuwa sababu, basi kila mtengenezaji wa michezo angalililiwa sawasawa. Hapana budi kuitazama kazi yenyewe.

Postgate na mwenziwe, mchoraji Peter Firmin, walifanya kazi katika banda kuukuu la ng'ombe huko Blean, karibu na Canterbury. Huko walitengeneza hadithi za Ivor the Engine na Noggin the Nog, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1959. Clangers, iliyoanza Novemba 1969, miezi michache baada ya wanadamu kukanyaga mwezi. Na Bagpuss, iliyoanza Februari 1974. Wanasesere walisogezwa kidogo kidogo kwa mkono na kupigwa picha moja moja, mpaka kitambaa na mbao zikaonekana kuwa na uhai. Clangers, viumbe wa sayari ndogo, walifumwa kwa sufu na mke wa Firmin. Kazi ilikuwa ndogo kwa gharama, kubwa kwa subira.

Juu ya picha hizo ilikaa sauti ya Postgate. Sauti hiyo haikupiga kelele wala haikumbembeleza mtoto kama mjinga. Ilisema polepole, kama isemavyo sauti ya bibi baada ya kuitikiwa "Pakawa", ambapo msikilizaji hujua kwamba sasa amechukuliwa kuwa mwenzi wa hadithi. Katika Clangers ustadi huo ulifika mbali zaidi. Viumbe wale hawasemi, hupiga filimbi; lakini maneno yao yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza kamili, kisha yakageuzwa kuwa milio iliyofuata kupanda na kushuka kwa usemi. Mtoto aliachiwa kazi ya kusikia maana pasipo maneno. Aliyeaminiwa hivyo akiwa mdogo hamsahau aliyemwamini.

Lakini ufunguo wa maombolezo yale umo katika Bagpuss. Sehemu zake ni 13 tu, na zote zafuata njia moja. Msichana Emily, aliyeigizwa na binti wa Firmin, ana duka lisilouza kitu. Huleta humo kitu kilichopotea au kuvunjika, na kukiweka mbele ya Bagpuss, paka wa kitambaa mwenye milia ya waridi na nyeupe. Paka huamka, na picha zilizokuwa za rangi ya kahawia iliyofifia huingia rangi kamili. Yeye na wenziwe hukichunguza kile kitu, hukisimulia, hukitengeneza, kisha hukiweka dirishani ili mwenyewe akipita akione. Halafu paka hulala, wenziwe hurudi kuwa vitu vya kuchezea, rangi hutoweka. Msimulizi hakumficha mtoto kwamba paka huyo ni kitambaa kikuukuu kilicholegea. Aliongeza tu kwamba Emily alimpenda.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii. Kila mara mtoto alifundishwa kwamba uhai huja na kuondoka, na kwamba thamani ya kitu haimo katika upya wake bali katika kupendwa kwake. Waombolezaji wa mwaka 2008 hawakubuni huzuni mpya. Walitumia somo walilopewa miaka 30 na zaidi kabla, na aliyewapa ndiye aliyekufa. Wala si ajabu kwamba mwaka 1999 watazamaji wa BBC walikuwa wameichagua Bagpuss kuwa bora kuliko michezo yote ya watoto ya shirika hilo.

Hata hivyo sifa za jinsi hii zina hatari tatu. Ya kwanza ni kusahau mikono kwa kuikumbuka sauti. Firmin, aliyefariki mwaka 2018, ndiye aliyechora na kuunda karibu kila kilichoonekana, na kumlilia Postgate peke yake ni kuilia nusu ya kazi. Ya pili ni kumfanya marehemu mzee mpole asiye na makali. Mtu huyu, mjukuu wa George Lansbury aliyekuwa kiongozi wa chama cha Labour, alikataa kuchukua silaha katika vita vya pili vya dunia, akatiwa gerezani kwa ajili hiyo. Na katika uzee wake alipinga silaha za nyuklia. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 1974 ulipofika, aliwafanya Clangers wasikilize habari za vyama vya siasa na kubaki wasioridhika. Upole wake ulikuwa msimamo, haukuwa udhaifu.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa. Mwenye kuomboleza hupenda kusema kwamba watoto wa leo hawana kitu kama kile. Kauli hiyo hugeuza pendo la hadithi kuwa kiburi cha kizazi. Clangers walirudi televisheni mwaka 2015, wakisimuliwa na Michael Palin, na watoto wasiojua jina la Postgate wakacheka. Kama msiba wa mtu wafunga mlango alioufungua yeye, basi msiba huo haumheshimu.

Basi machozi yale yalikuwa ya haki, maana zawadi ilikuwa ya kweli hata kama mtoaji hakuonana na mpokeaji. Lakini haki yake hukamilika pale tu mwombolezaji afanyapo kama walivyofanya wenyeji wa duka la Emily: akitengeneze kilichovunjika, kisha akiweke dirishani, asikifungie kabatini.