Fundi wa Tovuti na Upau Uliopotea

Mnunuzi wa kakao pale Beni hababaishwi na gunia safi. Anachota punje, anazipasua kwa kisu, anatazama ndani. Rangi ya kahawia yenye mifereji ni kakao iliyochachuka vizuri. Zambarau ni ya haraka haraka. Kijivu kilichoshikana ni punje ambayo haikuchachuka kabisa. Kazi ya tovuti, kwetu huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, bado hununuliwa kwa kutazama gunia. Ukurasa wa mbele unang'aa, picha zinateleza, mwenye duka anatoa hela. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kupasua punje, na punje ninayomshauri aanze nayo ni hitilafu moja ndogo: upau wa pembeni uliotoweka kwenye tovuti iliyojengwa kwa kijenzi cha kurasa (page builder).

Nimeichagua kwa sababu kila fundi ataikuta, na kwa sababu inaweza kutibiwa kwa njia kumi ambazo zote, siku ya malipo, zinaonekana sawa machoni.

Tuseme ushirika wa wakulima wa Masereka, wale wanaoteremsha viazi na kabichi hadi masoko ya Butembo, una tovuti ya WordPress. Upande wa kulia palikuwa na safu nyembamba yenye namba ya simu, siku za kupakia mizigo na habari tatu za karibuni. Leo safu hiyo haipo. Mama anayeshika ofisi anamwita kijana aliyesomea kompyuta.

"Mama, umepotea kwenye kurasa zote au kwenye mmoja?"

"Mwanangu, hata sijazipitia zote."

"Mara ya mwisho kuuona, ulikuwa kwenye simu au kwenye mashine? Na siku hizo kuna mtu alibadilisha kitu?"

Kijana huyo bado hajagusa chochote, na tayari nimeshampa nusu ya alama. Anayefungua dashibodi na kuanza kubofya kabla ya kuuliza atakuletea upau, labda, lakini hatajua ulikokuwa. Asiyejua ulikokuwa hawezi kukuambia kama utaondoka tena.

Swali la kurasa zote au mmoja lina uzito kwa sababu ya namna mambo yalivyokua. WordPress ilipoingiza wijeti ndani ya programu yenyewe, kwenye toleo la 2.2 mwaka 2007, upau wa pembeni ulikuwa mali ya mandhari (theme): mandhari ilitenga nafasi, mwenye tovuti akaijaza kwa wijeti. Vikaja vijenzi vya kurasa, Divi mwaka 2013, Beaver Builder 2014, Elementor 2016, na kila kimoja kikataka kuushika ukurasa wote mwenyewe. Kwa hiyo sasa safu ile nyembamba ina wakubwa watatu: mandhari inayotenga nafasi, wijeti zinazoijaza, na kijenzi chenye uwezo wa kuamua kwamba kwenye ukurasa huu nafasi hiyo haitakuwepo. Ubora wa fundi ni kumtambua mkubwa aliyehusika bila kuwasumbua wengine wawili.

Kuna kipimo kimoja cha kuwatenganisha, na hakigharimu hata dakika tatu. Kwenye kompyuta unabonyeza Ctrl na U; kwenye simu ya Android yenye Chrome unaandika view-source: mbele ya anwani. Unaona msimbo uliotumwa na seva, kisha unatafuta humo neno sidebar, au namba ya simu iliyokuwa kwenye upau. Ikiwa namba imo ndani ya msimbo lakini haionekani kwenye kioo, basi upau umefika na umefichwa, au umesukumwa mahali pengine: hilo ni suala la mtindo. Ikiwa haimo kabisa, seva haikuutuma: hilo ni suala la mpangilio, kiolezo au wijeti. Fundi anayeanza na njia panda hii ameshajiondolea nusu ya kazi. Asiyeijua atazunguka, na mzunguko wake utaulipia wewe.

Haukutumwa? Mara nyingi sababu ni ya aibu kwa udogo wake. Elementor ina chaguo la mpangilio kwa kila ukurasa. Ukichagua Canvas, unabaki na ukurasa mtupu usio na kichwa, kijachini wala upau. Ukichagua Full Width, kichwa na kijachini vinabaki lakini upau unaondoka. Mtu alibofya ili picha ipanuke, akasahau. Kwenye Divi, ukurasa wa kawaida uliojengwa kwa kijenzi chake hauiti upau wa mandhari kabisa. Ukiutaka, unauweka kwa moduli yake. Na mandhari ya Hello Elementor haikuja na upau tangu mwanzo, kwa makusudi, kwa hiyo aliyehamia huko hajapoteza kitu, amehamia nyumba isiyo na chumba hicho. Fundi mzuri hukuambia hivyo waziwazi na kukuuliza kama kweli ulitaka kuhama.

Upande wa wijeti, maswali ni ya tarehe. Mandhari ikibadilishwa, WordPress tangu toleo la 4.9 la mwaka 2017 hujaribu kuzihamishia wijeti kwenye nafasi zinazofanana. Zilizokosa mahali huwekwa kwenye kapu la wijeti zisizotumika, na hazifutwi. Nafasi ikibaki tupu, mandhari nyingi haziichori kabisa. Mwezi Julai 2021, toleo la 5.8 likageuza ukurasa wa wijeti kuwa wa bloku, na wengi wakadhani vitu vyao vimeharibika. Kisha, Januari 2022, toleo la 5.9 likaleta mandhari za bloku, ambazo kwenye menyu ya Apparence (dashibodi nyingi huku ni za Kifaransa) hazina hata kipengele cha wijeti. Nimeona watu wakiamini wamefungiwa mlango wa tovuti yao. Fundi anayezijua tarehe hizi hutazama namba ya toleo kabla ya kutazama kitu kingine, na hana haja ya kubahatisha.

Ugonjwa ninaoupenda zaidi, kama mtu anaweza kupenda ugonjwa, ni ule unaojiponya. Upau unaanguka chini ya makala kwenye ukurasa wa mwanzo. Mwenye tovuti analalamika. Wiki inapita, habari mpya zinaongezwa, upau unarudi wenyewe. Fundi wa haraka haraka anachukua sifa na pesa. Fundi wa kweli ananusa. Kilichotokea ni hiki: mtu alibandika ndani ya makala moja kipande cha msimbo, pengine kicheza sauti cha redio au video ya Facebook, na kipande hicho kikaja na </div> moja ya ziada. Tagi hiyo ikafunga boksi ambalo haikulifungua, lile linaloshika makala na upau pamoja. Kila kilichofuata kikajikuta nje, na upau ukashuka chini kwa kukosa mwenzake wa kukaa naye. Makala ilipokuwa ikionyeshwa nzima kwenye ukurasa wa mwanzo, ukurasa wote uliumwa; iliposukumwa hadi ukurasa wa pili, wa kwanza ukapona na wa pili ukaanza kuumwa. Kwenye kurasa zinazoonyesha dondoo fupi tu hakuna aliyeona dalili, kwa sababu dondoo haina ile tagi.

Hapa nataka kumwona fundi akifungua makala moja moja kwa mpangilio hadi aikute yenye kosa, kisha aondoe herufi sita tu na kuhifadhi. Herufi sita. Akikuambia kazi imemchukua saa nzima, mlipe saa nzima bila kinyongo, maana ulichonunua ni ule utafutaji.

Kuna dalili nyingine ambayo hata asiyejua msimbo anaweza kuitumia: shuka hadi mwisho wa ukurasa. Kama kijachini nacho hakipo, acha kuzungumzia upau. Ukurasa umekatika njiani kwa kosa la PHP, na upau ni abiria tu kwenye gari lililozimika. Kache iliyopitwa na wakati, au kizuia matangazo kilichoificha safu kwa sababu ya jina lake, ni mambo ya dakika mbili. Fundi ajaribu kwa dirisha la faragha na kwa simu ya mtu mwingine, aendelee.

Sasa tuje kwenye bandia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayouzwa sana. Fundi anashindwa kuujua upau ulikokwenda. Anafungua kijenzi, anagawa ukurasa safu mbili, moja pana na moja nyembamba, na kwenye nyembamba anaandika upya namba ya simu, siku za mizigo, habari tatu. Anarudia hivyo kwenye kila ukurasa. Ukitazama, upau umerudi, pengine mzuri kuliko wa kwanza. Kwa kweli hakuna upau: kuna michoro kumi na zaidi ya upau, kila mmoja umesimama peke yake. Habari tatu za karibuni hazitakuwa za karibuni tena, kwa kuwa ziliandikwa kwa mkono. Siku ushirika utakapobadilisha laini ya simu, namba ya zamani itabaki kwenye kurasa ambazo hakuna anayezikumbuka, na mnunuzi wa Butembo atapiga simu isiyopokelewa.

Kisu cha kupasulia punje hiyo ni rahisi mno. Kabla ya kulipa, mwombe fundi abadilishe tarakimu moja ya namba ya simu, mara moja, mahali pamoja, mbele yako. Kisha fungua kurasa tatu tofauti kwenye simu yako. Tarakimu ikibadilika kote, kazi ni halali, hata kama ameitengeneza kwa kiolezo cha kijenzi badala ya wijeti. Njia hiyo ni ya heshima kabisa. Ikibadilika kwenye ukurasa mmoja, umeuziwa mchoro. Halafu mwambie airudishe, asisahau.

Bandia ya pili ni nyepesi kuitambua kwa wanaosoma msimbo: mstari wa CSS wenye !important uliotupwa ili kuulazimisha upau uonekane. Mmoja, wenye maelezo pembeni, nausamehe. Ukikuta msururu wake, hapo watu wamepigana gizani. Ya tatu ni kuhariri faili za mandhari moja kwa moja bila mandhari-mtoto. Tiba hiyo hufanya kazi hadi siku ya sasisho, ambapo faili mpya zinaifuta. Na juu ya yote kuna mandhari na vijenzi vilivyovunjwa kufuli, vinavyosambazwa kwa flashi na kwa Telegram. Najua kwa nini vinapendwa: kulipia leseni kunataka kadi ya benki ambayo vijana wengi hawana. Lakini havipati sasisho rasmi, na hakuna ajuaye alichokitia ndani yule aliyevivunja. Kijana anayekataa kuviweka na kukujengea kwa toleo la bure ameonyesha ufundi zaidi ya anayekupa kila kitu cha bei kwa bure.

Mazingira yetu yanaongeza kipimo ambacho mwongozo wa Paris usingekitaja. Wengi wanaofungua tovuti hiyo ya Masereka wako kwenye simu, kwa megabaiti walizozinunua asubuhi. Kwenye kioo cha simu, mandhari nyingi hushusha upau chini ya makala, kwa sababu kwenye msimbo unakuja baada yake. Haujapotea, umekwenda mahali ambapo hakuna anayeshuka. Elementor nayo ina swichi ya kuficha kipande chochote kwenye simu, na kwa mpangilio wake wa kawaida huhesabu kioo chenye upana wa hadi pikseli 767 kuwa cha simu. Mtu aliyejaribu kazi yake kwenye kompyuta pekee hataiona swichi hiyo ikiwa imewashwa. Fundi bora kuliko wote huuliza upau ulikuwa umebeba nini. Kama ulibeba namba ya kuagizia mizigo, ataipandisha juu, kwenye kichwa cha tovuti, penye kitufe cha kupiga, na upau utabaki na habari ambazo zikikosekana hakuna atakayeumia. Eneo letu, lililopitia Ebola kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, halihitaji kuelezwa thamani ya namba inayoonekana bila kutafutwa.

Kuhusu mahali pa kufanyia kazi: nakala. Anayetengeneza juu ya tovuti hai, kwa koneksheni inayokatika na umeme usioaminika, anacheza na mali ya watu. Nataka kuona nakala rudufu iliyopakuliwa na, kwa kazi kubwa, tovuti nzima ikiendeshwa ndani ya mashine yake mwenyewe. Serikali ya Kongo ilipoizima intaneti tarehe 31 Desemba 2018, kwa takriban wiki tatu, mwenye nakala kwenye mashine yake aliweza kuendelea kutengeneza. Asiye nayo alikaa kusubiri.

Kazi ikiisha, dai karatasi moja: upau ulikuwa umepotelea wapi, nini kimebadilishwa na kwenye ukurasa upi, toleo gani la WordPress, mandhari na kijenzi, nakala rudufu iko wapi. Kisha mwombe akuonyeshe barua pepe ya msimamizi iliyo kwenye mipangilio. Tangu toleo la 5.2 la Mei 2019, tovuti inapoanguka kwa kosa la PHP, WordPress hutuma kwenye anwani hiyo ujumbe wenye kiungo cha kuingilia na kurekebisha. Kwenye tovuti nyingi za huku anwani hiyo bado ni ya fundi wa kwanza, ambaye siku hizi yuko Kampala au Kinshasa na hajibu. Ibadilishwe iwe ya ofisi, na fundi asiondoke kabla ujumbe wa uthibitisho haujafika na kubofywa.