Joto, Halijoto na Kasi: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Kemia ya Kifizikia

Katika mjadala wa kukuza Kiswahili cha sayansi, swali linaloulizwa mara nyingi ni kama maneno yapo. Swali hilo limekwisha jibiwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na tangu hapo mwandishi wa sayansi hawezi kudai kwamba ameachwa mikono mitupu. Swali lililobaki ni gumu zaidi: je, istilahi zinazotumika, zikiingizwa katika sentensi za somo lenyewe, zinasema kweli? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia sehemu mbili za kemia ya kifizikia, yaani themodinamiki na kinetiki. Istilahi zake zitapimwa kwa mambo yanayotendeka Thika na Ruiru.

Eneo hilo halikuchaguliwa kwa nasibu. Kati ya miji hiyo miwili, huko Juja, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza mwaka 1981 kikiwa chuo cha ngazi ya kati, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 1988, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mwanafunzi wa kemia husomeshwa themodinamiki na kinetiki kwa Kiingereza, na hutahiniwa kwa Kiingereza. Lakini akihitimu na kuajiriwa kiwandani Thika, au katika mashamba ya kahawa ya Ruiru, wengi wa wale atakaowaelekeza watamsikiliza kwa Kiswahili. Hapo ndipo istilahi inapotiwa katika mizani.

1. Joto na halijoto

Wanaistilahi wamelipa neno joto maana ya nishati inayopita kutoka kitu chenye moto zaidi kwenda kwenye kitu chenye moto kidogo, na wakaunda halijoto kwa kile kipimwacho na kipimajoto. Utengano huu ni wa lazima. Hata Ulaya haukupatikana kwa urahisi. Joseph Black aliufundisha huko Glasgow katika karne ya 18, lakini baada yake wataalamu wengi waliendelea kuamini kwamba joto ni kiowevu kisichoonekana kinachohifadhiwa ndani ya vitu, mpaka majaribio ya Joule ya miaka ya 1840 yalipoidhoofisha imani hiyo.

Kasoro haimo katika neno halijoto, ambalo limeundwa vizuri na limekubalika. Kasoro imo katika kulichukua joto kuwa nomino tu. Mtu asemapo "leo kuna joto" au "mtoto ana joto", anazungumzia halijoto. Mwanafunzi mwenye mazoea hayo ataandika kwamba sufuria "ina joto jingi", na themodinamiki itamkatalia, kwa kuwa joto halikai ndani ya kitu, joto hupita.

Kiswahili kinacho kitenzi kisemacho hivyo hasa: kupasha moto. Kupasha ni umbo la kusababisha la kupata. Kama ilivyo katika kupasha habari, neno linataja kitendo cha kufikisha, wala si mali iliyowekwa ghalani. Mfano wa jikoni unatosha. Thika iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya uhaba wa kanieneo ya hewa, maji huchemka hapo yakifikia nyuzi 95 hivi badala ya 100 kama Mombasa. Mpishi akiongeza kuni chini ya sufuria ya githeri inayochemka, maji hupashwa moto zaidi, lakini halijoto haipandi. Kinachoongezeka ni mvuke. Sentensi hiyo ni sahihi kisayansi na ni Kiswahili safi, kwa sababu imejengwa juu ya vitenzi: kupashwa, kupanda, kuchemka.

2. Kuweza kutokea na kutokea upesi

Mfano huohuo unafungua mlango wa suala la pili. Maji yamechemka, lakini githeri haijaiva. Kuchemka hutawaliwa na themodinamiki. Kuiva huchukua muda, na muda ni wa kinetiki. Themodinamiki huuliza: je, mmenyuko huu una mwelekeo wa kutokea bila kusukumwa kutoka nje? Kinetiki huuliza: utachukua muda gani? Mwanafunzi asiyeyatenganisha maswali haya mawili hajaanza somo, hata akiwa amekariri milinganyo yote.

Hapa Kiingereza chenyewe kina mtego. Neno kinalolitumia kwa mmenyuko wa aina ya kwanza humaanisha pia jambo la ghafla, na mfasiri asiye mwangalifu ataleta "mmenyuko wa papo hapo". Tafsiri hiyo inaliharibu somo zima. Katika hali ya kawaida almasi ina mwelekeo wa kugeuka kuwa grafiti. Hata hivyo hakuna mwenye pete ya almasi aliyewahi kuona ikigeuka. Hakuna upapo hapo wowote katika jambo hilo.

Yafaa badala yake kutumia kirejeshi cha mtendwa mwenyewe: mmenyuko ujiendeao. Kujiendea hutaja mwelekeo bila kutaja haraka. Mto hujiendea baharini, uwe wa kasi au wa pole. Kasi na ibaki kuwa istilahi ya kinetiki peke yake.

Matangi ya kahawa yanathibitisha faida ya utengano huu. Ruiru, ambako kituo cha utafiti wa kahawa kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, ni nchi ya kahawa ya kuoshwa: buni humenywa, ikaachwa katika tangi mpaka ute wake uchache na kulegea, kisha ikaoshwa na kuanikwa. Kuchacha huko hujiendea, lakini kasi yake hufuata halijoto. Katika miezi ya baridi ute huchelewa kulegea. Kukiwa na joto huwahi, na buni ikisahauliwa tangini ladha huharibika. Uhusiano wa kasi na halijoto ambao Svante Arrhenius aliueleza mwaka 1889 umo katika vitenzi viwili vya kila siku, kuchelewa na kuwahi.

3. Kichocheo na msawazo

Istilahi mbili zaidi zinahitaji kusahihishwa. Thika imekuwa na kiwanda cha asidi ya salfuri, na hatua kuu ya utengenezaji wa asidi hiyo ni kuunganisha salfa dioksidi na oksijeni ili kupata salfa trioksidi. Kila moli ya salfa trioksidi inapoundwa, takribani kilojuli 99 za joto hutoka. Kwa sababu hiyo, halijoto ikiwa ya chini themodinamiki hutoa mazao mengi. Lakini ikiwa ya chini mno kinetiki haitoi chochote kwa muda unaofaa. Suluhu iliyozoeleka ni vanadi pentoksidi na nyuzi 400 hadi 450 hivi.

Vanadi pentoksidi huitwa kichocheo. Achocheaye moto huupandisha, na msomaji ataelewa kwamba dutu hiyo huongeza nishati. Sivyo: hufungua njia nyingine yenye kizingiti kifupi, nayo yenyewe hubaki, wala haibadilishi mahali mmenyuko utakapotulia. Neno limekwisha shika mizizi na halipaswi kung'olewa. Ila fasili yake haina budi kutaja kizingiti waziwazi.

Msawazo nao unaleta picha ya kitu kilichosimama. Kumbe molekuli huendelea kuungana na kuachana kwa kasi iliyo sawa. Mnyambuliko wa kutendana upo kwa kazi hii: msawazano unasema kwamba pande mbili zinatenda, tena kila mmoja kwa mwenziwe.

Haya si mambo ya kuchagua neno tamu. Mhandisi akimwambia fundi "punguza joto", ametoa amri moja yenye kazi mbili: kupoza gesi kabla haijaingia katika tabaka linalofuata la kichocheo, au kupunguza salfa inayochomwa tanurini. Kazi ya kwanza hulinda mazao. Ya pili huyakata. Kosa hapo si la fundi, ni la lugha aliyopewa.

4. Hitimisho

Wako wanaoshauri kwamba istilahi zote zichukuliwe jinsi zilivyo. Kwa entropi na entalpi ushauri huo unakubalika. Clausius mwenyewe, alipounda neno entropi mwaka 1865, aliliunda kutokana na Kigiriki wala si kutokana na Kijerumani chake. Lakini mkopo wa nomino hauponyi sentensi, na uhakiki huu umeonyesha kwamba nguvu ya Kiswahili katika somo hili imo katika minyambuliko: kusababisha, kutendana, kujitendea. Hizo ndizo nyenzo ambazo orodha za istilahi, kwa kupangwa nomino dhidi ya nomino, huzisahau.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Idara za Kiswahili hazitatimiza wajibu wao kwa kushangilia kifungu hicho. Linalotakiwa ni wanaisimu kukaa na wanakemia, kuchukua mhadhara mmoja mzima, kuuandika upya kwa Kiswahili pamoja na hesabu zake, na kuisahihisha kila istilahi itakayoifanya sentensi iseme uongo. Istilahi isiyopita mtihani huo, hata ikiwa imechapwa na kuidhinishwa, bado ni pendekezo tu.